Kupima Oili Mteremkoni

Nimewadharau watu wengi maishani mwangu, na si wote wanaonidai radhi. Yuko mmoja ambaye hata leo simwombi radhi: mwanamume mwenye gari asiyeweza kufungua boneti yake mwenyewe. Migori ya miaka ya tisini ilikuwa na watu hao wa kutosha. Utamwona anatembea sokoni ufunguo ukining'inia kidoleni, hata kanisani anauweka juu ya Biblia ili Mungu naye auone, lakini maji ya rejeta yakipungua anatuma aitiwe fundi. Fundi anakuja na kopo, anachota maji mtoni, anayamimina, anafunga kifuniko, kisha anatikisa kichwa kwa huzuni kama daktari. Mwenye gari naye anatikisa chake. Wanaagana kwa heshima kubwa, kana kwamba wamefanya upasuaji.

Mimi sikuwa mtu wa aina hiyo. Nilikuwa mwalimu wa Fizikia katika shule ya upili, mwenye digrii, mwenye gari jeupe lililokuwa limepita mikononi mwa watu wanne kabla yangu, na juu ya yote nilikuwa na kitabu cha gari. Wenye magari wengine walitupa vitabu vyao, au wake zao walifungia njugu kwa kurasa zake. Changu nilikisoma mwanzo hadi mwisho, hata sehemu ya kufunga minyororo kwenye magurudumu wakati wa theluji.

Kila Jumamosi saa moja asubuhi, kabla injini haijawashwa, nilitoka nje na kitambaa cheupe nilichokikata kwenye shuka la ndoa yetu. Mke wangu hakunisamehe shuka lile. Nilianza na rejeta, ikiwa baridi, maana kuifungua ikiwa moto ni kujiunguza uso kwa hiari. Niliongeza maji niliyoyachemsha jikoni na kuyapoza, si ya mto, kwa sababu maji ya mto wetu ni uji. Halafu betri: nilifungua vifuniko sita, nikachungulia kila tundu, nikaongeza maji ya betri ya dukani hadi yafunike mabamba. Halafu kile kichupa cha mafuta ya breki, ambayo yanapaswa kuwa kati ya mistari miwili. Mwisho kabisa, kama padri anayeiacha sakramenti hadi mwisho wa ibada, niliichomoa dipstiki, ile fimbo nyembamba ya chuma inayopimia oili ya injini. Niliifuta kwa kitambaa, nikairudisha, nikaichomoa tena na kuisoma huku nimeinyanyua juu, ili majirani wanione nikisoma.

Jirani wa karibu alikuwa mwalimu wa Kilimo. Betri yake aliijaza maji ya mvua.

"Haya yametoka kwa Mungu moja kwa moja, japuonj," aliniambia, akiniita mwalimu kwa Kijaluo kama walivyofanya wote mtaani. "Yako yametoka kiwandani. Sasa kati yetu nani ana maji safi?"

"Yaliyopita kwenye mabati yako yenye kutu?" nikamuuliza.

"Kutu ni chuma. Betri inapenda chuma."

Mtu huyo huyo aliwahi kupasua mayai mawili ndani ya rejeta iliyokuwa ikivuja. Mayai yakaiva, yakaziba tundu, na gari likatembea. Nilimweleza kwa upole wa mtu aliyesoma kwamba atakuwa ameziba na mishipa yote mingine. Akasema sawa, japuonj, na gari lake likatembea miaka sita zaidi likinukia kidogo harufu ya kifungua kinywa. Nilimdharau siku zote sita mara mia tatu sitini na tano.

Nyumba zetu za walimu zilijengwa kwenye mteremko unaoelekea mtoni. Magari yetu yote yalikuwa mazee na betri zetu zote zilikuwa zimechoka, mvua au kiwanda, kwa hiyo tulikuwa na desturi moja mtaa mzima. Jioni ukirudi, unaligeuza gari pua ikielekea chini na kuweka jiwe chini ya kila gurudumu la mbele. Asubuhi unaondoa mawe, gari linateleza lenyewe, unaachia klachi, injini inashtuka na kuwaka. Hakuna gari katika safu ile lililolala mahali pa tambarare. Uwanda ulikuwa wa watu wenye betri mpya.

Na ilikuwa pale pale, pua chini, mawe chini ya magurudumu, ambapo kila Jumamosi niliipima oili yangu. Kila Jumamosi ilikuwa imejaa hadi mstari wa juu. Nilijivunia jambo hilo. Injini za wengine zilikunywa oili kama walevi. Yangu, kwa sababu ilitunzwa kisayansi, haikunywa hata tone.

Sasa niseme habari za mama mkwe.

Aliishi karibu na Oyugis, na alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Nilipomwoa binti yake alikuwa tayari anaona mwanga na vivuli tu, kwa hiyo binti yake alimwoza kwa kivuli. Hatukupatana, ingawa hatukuwahi kugombana, kwa kuwa ili mgombane ni lazima mzungumze. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hamkai pamoja, hamli pamoja, na mama mkwe akishika sana mila kama huyu wangu, hamsemezani. Jambo likiwa la lazima linapitia kwa mke, hata kama nyote watatu mko chumba kimoja na nyote mnasikia. Yeye aliitumia desturi hiyo kama watu wengine wanavyotumia kiberiti. Hakuwahi kunitaja kwa jina wala kwa kazi. Nilikuwa "yule wa Migori", na baada ya kununua gari nikapanda cheo nikawa "mwenye gari".

Mwaka huo lilitoka tangazo makanisani kwamba madaktari wa macho wangefika Homa Bay kwa siku tatu, Alhamisi hadi Jumamosi. Wangepasua mtoto wa jicho. Majina yangeandikwa kila siku hadi saa sita mchana, basi. Walikuwa wamekuja mara moja tu kabla ya hapo, miaka mingi nyuma, naye aliwakosa kwa sababu alikuwa matangani kwa mumewe. Sasa alikuwa ameanza kuanguka. Wiki moja kabla ya tangazo alikuwa amekanyaga moto jikoni mwake.

"Aende Alhamisi kwa gari la abiria," mke wangu akasema. "Dada yangu atamshika mkono."

"Mama mkwe wangu abanwe katikati ya magunia ya viazi, na mimi nina gari?"

"Alhamisi na Ijumaa unafundisha."

"Jumamosi sifundishi. Jumamosi nitamchukua mwenyewe mlangoni kwake, nimfikishe mlangoni kwa daktari."

"Jumamosi ndiyo ya mwisho, Baba Watoto. Likitokea jambo hakuna kesho."

"Jambo gani litokee?" nikamuuliza. "Gari hili linatunzwa."

Hivyo ndivyo nilivyoyachukua macho ya mwanamke mzee na kuyaweka ndani ya injini yangu.

Jumamosi hiyo niliianza ibada yangu mapema, kabla ya saa kumi na mbili. Maji sawa. Betri sawa. Breki sawa. Oili hadi mstari wa juu. Nilimwonyesha mke wangu dipstiki, akaitazama kama mtu anayeonyeshwa picha ya harusi asiyoalikwa. Tukaondoa mawe, tukateleza, injini ikawaka. Kuna taa nyekundu kwenye dashibodi ambayo huwaka oili ikiisha. Yangu ilikuwa imeungua tangu enzi za mwenye gari wa tatu. Niliijua habari hiyo na sikuijali. Taa ni za watu wasiopima.

Tulipanda milima ya Kisii, tukashuka upande wa pili, tukafika Oyugis kabla ya saa tatu. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba yake, amevaa gauni la kanisani, fimbo mkononi, kitambaa kichwani kimevutwa hadi usoni kwa ajili yangu. Nilisimama mbali kama inavyotakiwa, nikiangalia mgomba. Mke wangu akamwingiza kiti cha nyuma. Tukaondoka kwa barabara ya vumbi inayokwenda Homa Bay.

Hatukuwa tumefika mbali aliposema, kwa Kijaluo, akielekeza uso dirishani:

"Binti yangu, hebu niulizie. Mwenye gari amebeba mahindi anasaga njiani?"

Mke wangu alinigeukia, ingawa nilikuwa nimesikia vizuri. "Anauliza kama unasaga mahindi."

"Mwambie Mama ni changarawe inagonga chini ya gari."

"Ni changarawe, Mama."

"Changarawe hupiga tumbo. Hii inapiga kifuani. Muulize oili alipima lini."

"Mwambie leo asubuhi. Mwambie imejaa."

"Muulize alipima wapi."

Niliona swali lile ni la kipuuzi. "Mwambie nilipima nyumbani."

"Huko nyumbani kwake, gari linalala au linasimama?"

Mke wangu alicheka, kisha akaziba mdomo. Ni lazima nieleze kwamba marehemu mume wa huyu mama alikuwa dereva wa lori la pamba miaka mingi, na mama alipanda naye kila msimu. Alilijua lori lile kuliko alivyowajua watoto wake, na alilisifu zaidi. Niliyasikia majivuno hayo tangu siku ya posa. Lori liliwahi kupanda huku na huku bila kusimama. Lori halikuwahi kuvutwa. Marehemu alikuwa akipima oili kwenye sakafu ya saruji ya ghala tu, hata kama ni lazima asubiri hadi jioni. Nilimwona mama huyu kuwa mtu aliyekaa karibu na injini kwa muda mrefu na kudhani amesoma.

"Mwambie Mama," nikasema, nikitafuta maneno ya adabu, "kwamba mambo ya injini nimeyasomea chuo kikuu."

Mke wangu hakufikisha ujumbe huo. Haikuwa lazima.

"Miaka mitatu," akasema mama mkwe kwa dirisha. "Miaka mitatu Nairobi analishwa na serikali. Mume wangu hakujua kuandika jina lake, na injini yake haikulia."

Niliongeza mwendo. Hilo ndilo jibu pekee ambalo desturi iliniachia. Sauti nayo ikaongezeka: haikuwa changarawe tena, ilikuwa mtu anayegonga sufuria kwa kijiko, haraka haraka, mtu mwenye njaa. Niliisikia. Ningesema sikuisikia ningekuwa mwongo, na uongo ule nilikuwa tayari nimeusema vya kutosha ndani ya kichwa changu. Nilijiambia imejaa, nimeiona kwa macho yangu mawili, na anayesema haijajaa hana hata moja.

Tukaanza kupanda kilima. Nyuma yangu fimbo ikapiga mgongo wa kiti changu, mara mbili.

"Wewe!" akasema mama mkwe.

Hakumwambia binti yake. Aliniambia mimi. Katika miaka minane hakuwahi kunisemesha neno.

"Wewe, mume wa mtoto wangu! Zima!"

Nikazima. Nadhani hata angeniambia niruke nje ningeruka. Gari likasimama kimya, mke wangu ameshika mdomo kwa mikono miwili. Hakuna aliyejua la kufanya baada ya neno kama hilo. Nilitoka nje ili nisiwe ndani.

Mita mia nyuma yetu, chini ya kilima, kulikuwa na uwanja wa mpira wa shule ya msingi. Nikarudi kwenye usukani, nikaliachia gari lirudi nyuma taratibu hadi uwanjani, likasimama karibu na goli, pahali pa kwanza pa tambarare lilipowahi kusimama mbele yangu nikiwa na kitambaa mkononi. Nikafungua boneti. Nikasubiri dakika tano kama kitabu kinavyosema. Nikachomoa, nikafuta, nikarudisha, nikachomoa.

Fimbo ilikuwa kavu. Kwenye ncha yake palikuwa na tone moja jeusi, ambalo nalo liliposikia linatazamwa likaanguka kwenye nyasi.

Kila muhula wa kwanza, kwa miaka minane, niliingia darasani na chupa yenye maji na wino. Niliiinamisha mbele ya kidato cha kwanza nikawauliza wanaona nini. "Chupa imeinama, mwalimu, maji hayajainama," wakajibu. Vizuri sana. Maji yanakimbilia upande wa chini, upande wa juu unabaki mtupu. Niliwapa alama kwa hilo. Kisha nikaenda nyumbani, nikaliinamisha gari pua chini, oili yote iliyobaki ikakimbilia mbele ya injini, ambako ndiko tundu la dipstiki liliko, nami nikaisoma na kusema imejaa. Oili ilikuwa ikivuja kidogo kidogo kila usiku, na mteremko uliibeba hadi kwenye majani ya jirani, kwa hiyo hata doa sikuliona. Watoto wa miaka kumi na minne wangenikosoa kwa chaki.

Ilikuwa saa nne imeshapita. Oili ya akiba sikuwa nayo. Kwa nini niwe nayo, na injini imejaa? Mke wangu alikuwa amesimama kando ya goli akitazama barabara, na nilijua anachohesabu: saa sita. Barabara ile siku ya Jumamosi haikuwa na gari la abiria; yote yalikuwa yamejazwa na soko tangu alfajiri. Kama injini ingekataa, mama angerudi nyumbani kwake kukanyaga moto mwaka mwingine, au mingapi sijui.

Kutoka ng'ambo ya shule ilisikika mashine ya kusaga unga ikipiga pu, pu, pu. Nikakimbia. Nilimkuta mwenye mashine, mzee mwembamba mweupe pepe kwa unga, hata kope zake.

"Nina shida ya oili," nikasema. "Mashine yako inatumia ipi?"

"Hii hii." Akanionyesha debe. "Nyeusi kidogo, lakini imara. Ya gari?"

Kitabu changu kina ukurasa mzima kuhusu aina ya oili, wenye onyo lililoandikwa kwa herufi nene. Niliukumbuka neno kwa neno. "Ya gari," nikasema.

"Bwana, hii ni oili ya kusagia."

"Gari langu linasaga, Baba."

Alicheka hadi unga ukamdondoka. Akanijazia chupa tatu za soda, akaziziba kwa magunzi ya mahindi. Nilizimimina zote, nikasubiri, nikapima, nikawasha. Injini ilikohoa moshi wa buluu, ikagonga, ikagonga, kisha sauti ikashuka ikawa kama mtu anayenung'unika bila kupiga kelele. Haikupona kamwe, hadi siku nilipoliuza gari lile liligonga kila kilima, na kila kilima nilijua linasema nini. Lakini lilikwenda.

Tuliingia hospitalini Homa Bay karani akiwa amesimama, daftari kwapani.

"Mmoja tu," akasema akimtazama mama. "Na mama, wewe ndiye wa mwisho. Mngekuja na miguu mngefika mapema."

"Mwambie karani," akasema mama mkwe kwa binti yake, maana maneno yalinilenga mimi na desturi ilikuwa imerudi mahali pake, "kwamba tulikuja na chuo kikuu."

Wakampasua jicho la kulia alasiri ile. Nililala kwenye gari, nje ya ukuta, kwenye mteremko unaoshuka kuelekea ziwani, na asubuhi walipomfungua bandeji sikuwepo. Si mahali pangu. Niliambiwa baadaye kwamba alitazama mikono yake kwa muda mrefu, kisha akaomba aonyeshwe dirisha.

Nilikuwa nimefungua boneti nilipowaona wakija, polepole, mke wangu amemshika kiwiko. Nilikuwa nimeinua dipstiki juu, na kwa kweli oili ilifika vizuri sana mstari wa juu. Nikarudi nyuma hatua kadhaa, kama inavyotakiwa, nikageuza uso.

Alisimama mbele ya gari. Nilihisi jicho lile jipya likinipitia kuanzia viatu.

"Kumbe ni mfupi," akasema.

"Mama!" mke wangu akasema.

"Kivuli chake kilikuwa kirefu. Haya, muombe hiyo fimbo."

Nikaiweka juu ya injini, maana hatupeani kitu mkono kwa mkono. Akaichukua, akaisogeza karibu na jicho, akaigeuza kwenye jua. Halafu akaishusha. Alitazama magurudumu. Alitazama mawe mawili niliyoyaweka usiku uliotangulia bila hata kufikiri, kwa sababu ya betri. Akafuata kwa jicho barabara iliyoshuka moja kwa moja hadi majini.

"Mwambie mwenye gari," akasema, akiirudisha fimbo pale pale alipoitoa, "alisogeze kwanza. Hapa nasoma kilima."

Nikainama kuondoa mawe.